Nyota Kumi na Saba

Gachanja alipoikata kamba ya gunia, mikono ya wanunuzi ilikuwa imekwisha kutangulia macho. Ndivyo lilivyo soko la mitumba la Malindi asubuhi ya Jumanne: hapana foleni, hapana bwana wala bibi. Sheria ni moja, nayo ina umri mkubwa kuliko mabati ya vibanda: ukishika ni chako, ukiweka chini ni cha atakayeshika. Uwe umeweka ili upekue kibeti, au ujikune, au umpe mtoto titi, hayo ni yako na Mola wako.

Nyevu Jefwa alishika pazia jekundu la mahameli. Akavuta. Halikuja.

Upande wa pili ulikuwa mkononi mwa mwanamume mrefu, mkavu wa mwili, shati la samawati lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingekata papai. Utepe wa kupimia ulimning'inia shingoni kama tai ya mtu asiye na ofisi.

"Achilia, kaka. Nimeshika kwanza."

"Na mimi nimeshika sawasawa."

"Nimeshika pindo. Pindo ndilo mlango wa pazia, na mwenye mlango ndiye mwenye nyumba."

"Kwetu mwenye nyumba ni aliye ndani."

"Kwenu wapi?"

"Kitui."

"Nilijua. Nyinyi wa bara kwa kuingia ndani hamna mpinzani."

Akina mama waliokuwa wakichambua mashuka wakaangua kicheko. Mwanamume naye akacheka, ila hakuachilia, na hilo Nyevu alilitia moyoni: alicheka bila kulegeza vidole.

"Mkilipasua mmelinunua nyote wawili," Gachanja akasema, akiendelea kumwaga. Yeye kazi yake ilikuwa kununua vyombo vya nyumba za Waitaliano wanaohama au wanaokufa, mapazia, vitambaa vya meza, taa za Krismasi zisizowaka tena, akavichanganya na nguo kuukuu na kuvimwaga hapo sokoni Jumanne na Alhamisi.

"Unalitakia nini?" yule wa Kitui akauliza.

"Krismasi."

"Krismasi ina dirisha?"

"Ina mti. Na mimi ndiye ninayeuvika."

Kwa kweli ndiyo iliyokuwa kazi yake. Katika mitumba, nguo zinazotangulia kuchaguliwa, zile safi, huitwa kamera. Zinazobaki mwisho, zinazosukumwa kwa ufagio, huitwa fagia. Nyevu hakugusa kamera maishani mwake. Alinunua fagia kwa gunia, akazigeuza. Tai za wakubwa waliokufa aliziviringa zikawa kaa wenye magando. Mashati ya madoadoa yalikuwa kanga, wale ndege wa porini, kichwa kidogo na matako makubwa. Soksi za watoto zilikuwa malaika, na kwa kuwa kisigino cha soksi hakifichiki, malaika wa Nyevu wote walikuwa na visigino. Sasa hoteli moja ya Watamu ilikuwa imemwagiza mapambo mia mbili, yafike ifikapo Siku ya Jamhuri, Desemba kumi na mbili.

"Mia mbili kwa mkono?" Yule mtu aliangalia vidole vya Nyevu, vilivyokuwa na matundu ya sindano kama mkate wa mofa. "Mimi ni Kioko. Cherehani yangu iko kwenye baraza la duka la misumari, pale karibu. Tuligawe pazia."

"Pazia haligawanywi. Tugawe kazi."

Wakatoka sokoni kila mmoja bado ameshika upande wake, pazia katikati, kama watu wanaombeba mgonjwa.

*

Kioko alikuwa fundi wa sare za shule. Miaka sita alishona kola ileile, na mguu wake ulikuwa umekwisha kuchoka na mstari ulionyooka. Nyevu alimletea mistari iliyopinda. Alimchorea kaa kwa chaki juu ya meza ya kukatia, akamwambia atakavyo magando yawe, akamfokea, akamfumulia, akamwanzisha upya. Hakukaa kitini hata siku moja. Alifanya kazi akizunguka meza, dera lake la njano limefungwa fundo gotini, pini mdomoni.

"Keti basi, Nyevu. Unanizungusha kichwa."

"Nikiketi nalala."

"Lala. Nitakushonea mto."

"Wa sufi au wa maneno?"

Lynn, meneja wa ile hoteli, alikuja mara moja kuona kazi. Alivaa kitani nyeupe na viatu visivyopenda vumbi.

"Ni vizuri sana," alisema, akimgeuza kaa. "Lakini hakuna watu wa theluji? Wageni wanapenda watu wa theluji."

"Wewe umepata kuiona theluji?" Nyevu akamuuliza.

"Bado."

"Hata mimi. Kioko?"

"Nimeiona kwenye friji."

"Basi tutashona mtu wa friji, akiwa na samaki ndani." Lynn akacheka kwa kulazimika. Akakubali kaa, akakubali kanga, akataka nyota nyeupe arobaini kwa mti mkubwa wa ukumbini.

Simu zilianza kwa kazi, zikaacha kazi njiani.

"Haloo, Bi Kaa. Umeamkaje?"

"Usiniite Bi Kaa."

"Basi Bi Pazia. Nimeota unanipima."

"Nilikupima wapi?"

"Mabegani."

"Mabegani tu? Ndoto yako ni ya mtu anayebana matumizi."

"Utepe uliishia hapo, mpenzi. Nikasema nikuulize wewe kama kuna mwingine mrefu."

Nyevu alikata simu. Halafu akasimama katikati ya chumba, mkono kifuani, akitafuta kitu cha kufanya na mwili wake. Akachukua ufagio. Nyumba ilikuwa imefagiwa.

Ile nyumba nayo ni lazima ielezwe. Vyumba viwili vya udongo na makuti, nyuma ya villa ya Mwitaliano iitwayo Rondine, upande wa Mayungu. Mama yake, Kanze, alifanya kazi Rondine tangu Nyevu ana miaka sita. Mzee mwenye villa, Renzo, alimwonyesha kipande kile kwa mkono: jenga hapa, ni pako. Hakuandika. Kwa nini aandike? Wenye nchi hii hawaandiki wanapotoa, huandika wanapochukua. Babu wa babu yake Nyevu alifukuzwa kaskazini ya mto Sabaki kwa bunduki mwaka wa 1914, nyumba zikachomwa na chakula ghalani, na tangu hapo ukoo ule umekuwa ukisogezwa na kila anayefika na karatasi: mkoloni, mbunge, kampuni, sasa mpwa wa Renzo. Mzee alikufa Februari ya mwaka jana. Mpwa hakupanda hata ndege. Alimtuma wakala, Eugene, auze kila kitu, kuanzia vijiko hadi ardhi. Eugene alisema huyo mama amevamia mwaka jana, mzee alipokwisha kuzikwa. Majirani wakasimama kumshuhudia Kanze, Eugene akasema majirani nao ni wavamizi. Chifu alikuwa mgeni, hana hata miezi miwili, hamjui yeyote.

Hayo yote Nyevu hakumwambia Kioko. Siku moja Kioko alileta gunia la sufi mpaka nyumbani, akamkuta Kanze mlangoni, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho, akipepeta mchele kwa kusikia mlio wake.

"Mwalamukadze, mama," Kioko akajaribu Kigiriama.

Kanze akageuza uso kwenye sauti. "Saa tisa hii wauliza tumeamkaje? Ama kwenu ndiyo kwanza mmeondoka kitandani?"

"Nimefundishwa hiyo moja tu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hiyo haina saa."

Kanze alimpenda tangu hapo. Lakini Kioko, akinywa maji, aliangalia huku na huku, ukuta wa villa, minazi, ile bahari iliyokuwa ikinguruma ng'ambo ya ukuta, akasema, "Pazuri. Kiwanja hiki ni chenu?"

Kitu kikafungika ndani ya Nyevu. Wangapi walikwisha kuuliza swali lile, na kila aliyeuliza alirudi na mpima ardhi?

"Kwa nini wauliza?"

"Nimeuliza tu."

"Kunywa maji, fundi."

*

Alhamisi, siku moja kabla ya Jamhuri, Gachanja alimwaga gunia lililotoka Rondine.

Nyevu alikijua kitambaa kabla hajakigusa. Kilikuwa kitambaa cha meza cha kitani, kipana kama shuka la harusi, jina la villa limetariziwa katikati kwa hariri ya buluu. Na kwenye pindo, pembe hadi pembe, nyota ndogo kumi na tisa. Kila Krismasi, wageni wakishaondoka, Renzo alimpa Kanze kitambaa kile afue na atie nyota ya mwaka. Kanze hakwenda shule. Alijua kuandika jina lake, na tarakimu alijifunza kwenye kalenda ya jikoni. Ndani ya kila nyota: Kanze, na mwaka. Wa kwanza 2005. Ile saba ya 2007 ilikuwa imegeuka nyuma, kwa sababu mwaka ule alikuwa na homa. Wa mwisho 2023.

Alikishika kwa mikono miwili, akakikumbatia, akalipa bila kuomba punguzo, na Gachanja akamtazama akidhani anaumwa. Miaka kumi na tisa, kwa uzi. Hata Eugene angejua kuhesabu.

Alikuwa amefika kwenye baraza la Kioko, gunia la fagia mgongoni na kitambaa juu yake, simu ilipolia. Alikuwa Kadii, jirani.

"Nyevu, njoo. Eugene amekuja na rangi. Amepaka msalaba mwekundu ukutani, mama yako anaupapasa anauliza ni nini."

"Mwambie asiuguse. Nakuja."

Akaporomosha mzigo wote juu ya meza ya kukatia.

"Kuna nini?" Kioko akauliza.

"Nakuja. Hicho cha juu usi—" Simu ikalia tena, bodaboda akasimama, na neno likabaki hewani pamoja na moshi.

Nyumbani alikuta msalaba, na chifu ameitwa na majirani. Chifu, mtu wa maneno machache, alisema ubomozi hautafanyika kabla hajasikiliza pande mbili. Jumatatu tarehe ishirini na mbili, saa tatu, ofisini kwake. "Nileteeni kitu," alisema. "Sio kelele. Kitu kinachoonyesha mama alikuwa hapa kabla mzee hajafa. Nikikiona, nitaandika barua ya kusimamisha mpaka mahakama iseme."

"Ninacho," Nyevu akasema, na kwa mara ya kwanza mwezi ule alikaa chini.

*

Siku ya Jamhuri mji ulikuwa na bendera kwenye kila pikipiki. Watu walikuwa wakielekea uwanjani kusikia kwamba wako huru. Nyevu aliingia barazani akicheka.

Kioko alikuwa na macho mekundu na uso wa mtu aliyeficha zawadi. "Usiulize. Angalia mwenyewe."

"Nini?"

"Nyota zimekwisha. Tulikuwa nyuma kwa nyota zaidi ya thelathini, na dereva wa Lynn alikuwa aje alfajiri. Nimezimaliza peke yangu. Ameshazichukua. Na zile bora, Nyevu, sikuzitunga mimi. Zilikuwa zimetariziwa tayari kwenye pindo la kile kitambaa ulicholeta. Nilizikata moja moja, nikazitia sufi na ushanga. Lynn amepiga simu, amezipenda kuliko zote."

Nyevu aliangalia meza. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa vizuri, kimepigwa pasi, na pindo lake lote lilikuwa na meno, kama kitu kilicholiwa na panya mwenye adabu.

"Umekata," akasema.

"Si ulileta tukate?"

"Umekata nyumba ya mama yangu."

"Nyumba gani tena? Na huyo Kanze wa kwenye nyota ni nani?"

Ndipo akamwambia, amesimama, kwa sauti ya chini iliyomtisha Kioko kuliko kelele: Renzo, Eugene, msalaba, chifu, tarehe ishirini na mbili. Kioko alisikiliza, mkasi mkononi. Nyevu alipomaliza, Kioko aliuweka mkasi chini polepole.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wewe?"

"Mimi, ndiyo. Mwezi mzima tuko meza moja."

"Ulikuja kwetu, kitu cha kwanza kuuliza ni kiwanja."

Kioko aliuvua utepe shingoni, akauviringa. "Nilikuwa nauliza kwa sababu nilitaka kujua nitapeleka wapi wazee wangu kuja kukuomba. Kwetu huwezi kutuma wazee kwa nyumba ambayo hujui ni ya nani."

"Wote husema hivyo."

"Wote nani? Mimi ni mmoja. Naitwa Kioko."

"Ungeuliza kabla ya kukata."

"Uliweka mezani, Nyevu. Uliweka ukaondoka. Wewe ndiye ulinifundisha hiyo sheria."

Kweli ilimchoma, na kwa kuwa ilimchoma aliichukia. Akakikunja kile kilichosalia, akakibana kwapani. "Basi na wewe nimekuweka chini," akasema. "Akupitie anayekutaka."

*

Siku zile hakulala wala hakuamka. Aliosha vyombo visafi. Alikwenda Ganda kwa shangazi akarudi bila kusema alichofuata. Alianza kaa wa tai akamwacha na mguu mmoja. Simu ya Kioko ililia, hakuipokea. Ikaacha kulia, akaichukua kuona kama imekufa chaji. Kisha zikaanza kuja sauti zilizorekodiwa. Alijiapiza hatazisikiliza. Alizisikiliza bombani, maji yakifurika ndoo.

"Nyevu, niko Watamu. Lynn amekataa. Anasema mti umeshapigwa picha, umewekwa kila mahali. Nimemwambia nitampa nyota mpya kwa kila moja nitakayotoa. Anafikiria."

Kesho yake: "Amekubali, ila nibadilishe asubuhi kabla wageni hawajala. Askari wa lango, anaitwa Lewis, ananishikia ngazi. Anaogopa ngazi kuliko mimi. Nimepata tisa. Ile yenye saba iliyogeuka nimeipata, imening'inia kileleni kabisa."

Kanze alikuwa ameketi kwenye jamvi, sikio limeelekea simu. "Huyo anahema kama mtu aliye juu ya ngazi," akasema.

"Yuko juu ya ngazi, mama."

"Rudia hiyo ya saba."

Nyevu akarudia. Kanze akacheka kidogo peke yake. "Homa ile ilinitesa," alisema. Kisha: "Ulimwambia ni kitambaa cha nani?"

"Hapana."

"Mkasi hauna masikio, mwanangu. Mwenye masikio ulimnyima maneno."

"Mama, usimtetee."

"Simtetei. Nasema nimetarizi miaka kumi na tisa sikusema ni kwa nini, na wewe umebeba siku moja hukusema ni kwa nini. Tumefanana. Lete hiyo ndoo, inamwagika."

Sauti nyingine ilikuja na upepo mwingi na mbwa akibweka. "Kumi na sita hoteli. Mpishi mmoja, Ziro, alipewa moja ampelekee binti yake. Nimemfuata kwao Takaungu. Binti amegoma kuitoa. Nimemshonea kaa hapo hapo, kwa mkono, mama yake akinishikilia taa mchana kweupe kwa sababu chumba hakina dirisha. Hii ni ya kumi na saba." Mbwa akabweka tena. "Mbili zimekwenda na wageni. Walipewa kama kumbukumbu, wakapanda ndege Jumanne. Sijui nimfuate nani juu. Nisamehe kwa hizo mbili. Kumi na saba sikuombi msamaha, nazirudisha."

Nyevu aliisikiliza mara nne. Alitafuta neno, na kila alilolipata lilikuwa na miiba, akalirudisha.

*

Jumatatu saa tatu kasorobo, ofisi ya chifu ilikuwa na joto la bati. Eugene alikuwa amefika, shati jeupe, kola imekaza, miwani ya jua juu ya kipara. Kanze aliketi kwenye benchi katika leso mpya ya rangi ya zambarau aliyoiweka kwa ajili ya mazishi yake mwenyewe. Leo, alisema, ndiyo siku ya kuivaa, maana wakimvunjia nyumba kuna tofauti gani. Nyevu alisimama mlangoni. Mkononi alikuwa na kitambaa kilichoumwa pindo, hana la kuonyesha ila jina la villa na mashimo.

Kioko akatokea kwenye kona ya njia, anatembea upesi, shati halikupigwa pasi. Nyevu hakuwahi kumwona na shati lisilopigwa pasi.

"Nani alikwambia saa?" Nyevu akauliza.

"Kadii. Nipe kitambaa."

"Kioko—"

"Nipe, Nyevu. Dakika kumi zinatosha. Naikumbuka nafasi ya kila moja."

Alipiga goti barazani mwa ofisi ya serikali, akatoa nyota mfukoni mwa shati zimefungwa kwenye kipande cha khanga, amekwisha kuzitoa sufi na ushanga, na akazishona mahali pake. Alishona kwa uzi mwekundu, mishono mikubwa inayoonekana.

"Kwa nini mwekundu?" Nyevu akauliza, na akajikuta amechuchumaa mbele yake, amemshikia pindo.

"Sikutaka ionekane kama haikukatwa."

Vidole vyao viligusana kwenye 2007. Hakuna aliyevitoa.

Ndani, chifu alitandika kitambaa mezani, juu ya faili na mihuri. Alisoma kwa sauti, kidole kikifuata. Kanze, 2005. Kanze, 2006. Eugene alisema yeyote angeweza kuzitarizi jana. Chifu akamuuliza Kanze, "Mama, unazijua hizi?"

Kanze akaletwa mezani. Vidole vyake vikakimbia kwenye pindo kama panzi. "Hii ni ya mwaka mvua ilipochukua daraja la njia ya Kakuyuni, Renzo akala Krismasi peke yake, akalia. Hii ndiyo homa. Hii Nyevu alifaulu mtihani wa darasa la nane, nikaishona kwa furaha, angalia ilivyo kubwa. Hii ya mwisho mzee alikuwa hawezi tena kushika uma. Nilimlisha mimi. Huyo kijana wa msalaba alikuwa wapi?"

Chifu aliinamia kitambaa muda mrefu. Eugene hakuwa mjinga. Alisogea, akaweka ukucha juu ya kitani.

"Chifu, hapa kuna mapengo. Hakuna 2012. Hakuna 2019. Kama kweli alikuwa hapo mfululizo, miaka hiyo miwili alikuwa kwa nani?"

Nyevu akafungua mdomo, na mama yake akamtangulia, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi.

"Hizo mbili muulize mkwe wangu. Yeye ndiye aliyezikata."

Utepe wa kupimia ulianguka kutoka mkononi mwa Kioko, ukajifunua sakafuni mpaka kwenye kiatu cha Eugene.

"Mkwe wako ni nani?" chifu akauliza.

"Huyo anayeokota kitu."

Kioko akainuka, masikio yamemwiva. "Ni mimi, chifu. Zilikuwa kumi na tisa. Nilizikata kwa mkasi wangu mwenyewe, bila kujua, tukaziuza Watamu. Hizo mbili ziko ng'ambo, kwenye mti wa mtu. Meneja wa hoteli ana picha, zinasomeka." Akatoa simu. "Na Gachanja wa sokoni yuko nje. Atakwambia alikinunua kitambaa kwa nani." Hakumtazama Eugene aliposema. Hakuhitaji.

Chifu alitazama picha, akatazama kitambaa, akamtazama Kioko. "Mkwe tangu lini?"

"Tangu asubuhi hii," Kanze akajibu. "Andika na hiyo."

Barua iliandikwa: karatasi moja, muhuri mmoja, ubomozi usimame mpaka mahakama ya ardhi. Si hati. Ni pumzi ya miezi michache, na mashauri ya ardhi ya pwani yana tabia ya kuzeeka kuliko walioyafungua. Lakini tangu 1914, katika ukoo wa Nyevu, hii ilikuwa karatasi ya kwanza iliyosema baki. Eugene aliteremsha miwani machoni, akatoka bila kuaga.

Nje jua lilikuwa wima. Kanze alikuwa ameshikwa mkono na Kadii, akimwambia Gachanja jinsi ya kufua kitani. Nyevu alimfuata Kioko hadi kwenye kivuli chembamba cha ukuta.

"Nani alikwambia mama yangu anaweza kunichagulia?"

"Mimi sikufungua mdomo."

"Ulikuwa unatabasamu."

"Hilo ni kosa jingine, nitalilipia na hilo."

"Nimekuweka chini siku kumi, Kioko. Siku kumi kamili sokoni. Hakuna aliyekupitia?"

"Walipita. Nilikuwa juu ya ngazi, hawakunifikia."

Alitaka kucheka na alitaka kumpiga, na kwa kuwa mikono yake haikujua ichague lipi, ilikwenda yenyewe ikamshika kifundo cha mkono, pale ambapo utepe humwachia alama. Ulikuwa mkono mwembamba, wa moto, wenye uzi mwekundu umekwama ukuchani.

"Wazee wako waje Januari," alisema. "Nyumba ni ya Kanze. Sasa unajua ni ya nani."

Simu ya Kioko ikalia mfukoni. Lynn, bila shaka. Aliahidiwa nyota kumi na sita mpya na alipewa kumi na moja. Kioko akataka kuutoa mkono ili aipokee.

Nyevu hakuachilia.

"Una mkono wa pili," akamwambia.